Mgagani Katika Debe

Likizo iliyopita ya Desemba, nikiwa kwetu Muhoroni, nilimwomba mpwa wangu wa gredi ya sita anitajie mboga za majani azijuazo. Alitaja sukuma wiki, kabeji na spinachi, kisha akanyamaza. Nilipomwuliza kuhusu dek, yaani mgagani, alidhani ninamtania.

Simlaumu. Tangu kiwanda cha sukari kijengwe hapa mwaka 1966, miwa imesogea hadi milangoni pa watu, na mpangaji wa mjini hana hata upenyo wa kutupia mbegu. Ni kweli kwamba watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Maseno, wamezirudishia mboga za kienyeji heshima yake sokoni. Lakini fungu lililonunuliwa limekwisha kung'olewa. Mtoto haoni linavyoota.

Basi tulitoboa debe kuukuu kitakoni, tukatandaza kokoto, tukajaza udongo na samadi iliyooza, tukaliweka kwenye pembe ya sebule. Si jambo la mzaha: mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités liliwasaidia wakazi wa Kibera kupanda mboga katika magunia, nao wakala. Sisi tulikosea. Miche ilirefuka, ikawa myembamba na kufifia rangi, ikiinamia dirisha kama waombao. Mgagani hutaka jua, na huku karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa juu ya paa, haliingii ndani. Dirisha lifaalo ni la mashariki au la magharibi. Tulihamia la mashariki, tukapanda upya, mara hii kwa mbegu za zamani, maana zilizovunwa juzi aghalabu hugoma kuota. (Asiye na dirisha zuri na ajaribu mnavu, huo huvumilia kivuli kidogo.)

Wapo wanaisimu wenzangu waaminio kwamba neno likishaandikwa kamusini limeokoka. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika katika orodha ya msamiati: "dek, aina ya mboga." Fasili hiyo haimwambii mtoto kwamba majani yake ni machungu, kwamba hupikwa kwa maziwa na kulazwa usiku kucha ndipo yapate ladha. Tena, mmea huu Wagusii huuita chinsaga na Waluhya tsisaga. Walimu wa Kiswahili, tazameni hivyo viambishi chi- na tsi-: ni ndugu wa zi- yetu ya ngeli ya i-zi. Somo hilo lingenoga kiasi gani kama jani lenyewe lingekuwa dirishani pa darasa!

Kabla shule hazijafunguliwa mpwa wangu alikata ncha za miche ili matawi yachipuke na maua yachelewe. Majani hayakujaza hata sufuria ndogo, nasi tulikuwa watu wanne. Nyanya yake alionja, akasema maziwa yamezidi, akaanza kumweleza namna ya kuyaongeza kidogo kidogo, kwa maneno ya Kijaluo ambayo mimi, pamoja na shahada yangu ya uzamifu, nilimwomba ayarudie polepole huku nikitafuta kalamu.