Mboga za Kuoka, Tamu na Kali: Sahani ya Mfanyakazi na Hesabu Yake



Mara nyingi kurasa hizi huzungumzia mishahara, mikataba na usalama kazini. Safari hii tunaingia jikoni, maana mshahara wa mfanyakazi mwisho wake huonekana sahanini. Kwa wasomaji wetu wa Kiswahili walioko Malawi, katika kambi ya Dzaleka na mjini Lilongwe, sahani hiyo imezidi kuwa nyepesi.

Sababu zinajulikana. Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Bei ya mafuta ya kula ilipanda, na vitu vingine vikafuata. Huko Dzaleka, wilayani Dowa, msaada wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Sasa inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Unga ukipatikana, ugali utasongwa. Wenyeji huuita nsima, na Wakongo huuita bugali. Shida ni kile cha kulia ugali huo, ambacho kwa Kichewa huitwa ndiwo. Maharage matupu kila siku huchosha mdomo, na watoto hukataa. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuoka mboga za kawaida za sokoni, zikawa tamu na kali, ili zikae kando ya ugali na maharage.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu sita chukua boga kilo 1, viazi vitamu nusu kilo, karoti 4, bilinganya 2, vitunguu 3 na pilipili hoho 2. Viungo ni mafuta vijiko vikubwa 3, chumvi kijiko kidogo 1, kitunguu saumu punje 4, tangawizi kiasi cha kidole gumba, pilipili kali ya unga nusu kijiko kidogo, asali vijiko vikubwa 2 na ndimu 1. Asiye na asali atumie sukari kijiko kikubwa kimoja na nusu, aiyeyushe katika maji kidogo ya ndimu.

Ukipata viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, chagua hivyo. Vina kiini cha vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho na kwa kujikinga na maradhi. Mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta, kwa hiyo mafuta hayo machache yana kazi yake.

NAMNA YA KUOKA BILA TANURI

Wengi wetu hatuna tanuri la umeme, na hata aliye nalo hukatiwa umeme. Dawa yake ni ya zamani: moto chini na moto juu. Watu wa pwani huutumia kwa wali, wanapopalia makaa juu ya kifuniko.

Kwanza, kata mboga vipande vinavyolingana, unene wa vidole viwili. Boga likatwe kubwa kidogo kwa kuwa lina maji mengi. Osha kabla ya kukata, kisha kausha kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mboga yenye maji hutokota kwa mvuke, haiokeki.

Pili, twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na mafuta, chumvi na pilipili, kisha pakaza mboga zote kwa mkono. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, hivyo utaenea kila kipande.

Tatu, tia karoti, viazi, boga na bilinganya katika sufuria nzito. Zipangwe safu moja, zisirundikane. Funika kwa kifuniko bapa cha bati. Acha makaa machache chini, na weka mengi zaidi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 20 ondoa kifuniko kwa uangalifu majivu yasiingie, geuza mboga, ongeza vitunguu na pilipili hoho, funika tena.

Nne, asali au sukari hutiwa katika dakika 10 za mwisho tu. Ikitiwa mapema huungua, na chakula chote huwa kichungu. Ikitiwa kwa wakati wake hung'arisha mboga na kuzipa rangi ya hudhurungi. Epua, kamulia ndimu, pakua. Kazi nzima ya motoni huchukua kama dakika 40.

Tahadhari ya usalama: usiwashe makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Pika nje, au penye madirisha mawili yaliyo wazi. Kumbuka pia kwamba makaa ni miti. Msitu wa Dzalanyama, unaolinda chanzo cha maji ya Lilongwe, umekatwa sana kwa ajili yake. Tumia makaa hayo hayo kuchemshia maharage mara mboga zikiiva.

HESABU YA ANAYEUZA

Wako akina mama na vijana wanaopika ili wauze, na kwao tuna neno la ziada. Muuzaji wengi huhesabu alichonunua sokoni tu. Tuchukue mfano. Mpishi anaoka mara tatu ya kipimo chetu, apate sahani 18. Tuseme mboga na viungo vimemgharimu kwacha 12,000 na makaa kwacha 3,000, jumla 15,000. Akiuza kila sahani kwacha 900 atapata 16,200. Faida ni kwacha 1,200. Lakini amekwenda sokoni, amekata, ameoka kwa awamu tatu na ameuza, jumla saa tano. Jasho lake limelipwa kwacha 240 kwa saa. Hakuna chama cha wafanyakazi ambacho kingekubali mshahara huo kutoka kwa tajiri yeyote. Kwa nini mtu ajilipe hivyo mwenyewe?

Wapishi watano wakinunua gunia la vitunguu na la makaa kwa pamoja, wakagawana kwa mizani, gharama itashuka. Wakikubaliana bei, hakuna atakayemvunja mwenzake.

Lakini bei ya jumla iko Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka Dzaleka, na mkimbizi haendi huko apendavyo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka masharti kuhusu haki ya kuajiriwa na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 polisi waliwaondoa mjini wakimbizi wengi, wakarudishwa kambini, na maduka yao yakafungwa. Anayebaki akifanya kazi ya jikoni bila kibali hana mkataba, hana likizo, na akipunjwa haendi kushtaki. Tajiri anayempunja huyo leo atamwambia mwenyeji kesho: kubali mshahara huu, au nitamwita yule.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Malawi kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki na usalama kazini na kupata malipo ya haki. Kimeandikwa kila mtu. Hakikuandikwa kila raia. Matawi yetu ya Lilongwe yanaombwa kulisoma neno hilo mikutanoni na kuwapokea wapishi hao wanapoleta malalamiko, awe ana karatasi au hana.

Nanyi wapishi wa Dzaleka, anzeni na daftari. Andikeni mboga, andikeni makaa, na mstari wa tatu andikeni saa zenu.