Hong Kong Ililipia Askari Isiowaamrisha

Ndugu wafanyakazi, wazee wetu walilipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa bila kuulizwa fedha zile zitumike vipi. Tanganyika ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa na Gavana. Kwa hiyo tunaposoma habari za koloni la Hong Kong hatuoni jambo geni, isipokuwa huko mambo yaliandikwa kwa jina zuri la mkataba.

Mwaka 1975 Uingereza ilikuwa ikipunguza matumizi ya majeshi yake ya nje, ikaitaka Hong Kong ibebe sehemu kubwa zaidi ya gharama za kikosi kilichowekwa huko. Ikakubaliwa koloni litoe nusu katika mwaka wa fedha 1976-77, asilimia 62.5 mwaka uliofuata, kisha asilimia 75. Mkataba wa 1981 uliiacha asilimia 75 palepale. Ule wa 1988 uliishusha kuwa 65. Yaani katika kila shilingi 20, Hong Kong ilitoa 15, na baadaye 13.

Lakini nani alikubaliana na nani? Upande mmoja walikuwa mawaziri wa London. Upande wa pili ilikuwa serikali ya koloni, na mkuu wake, Gavana Murray MacLehose, aliwekwa na London hiyo hiyo. Ni sawa na mwajiri kukaa na meneja wake, halafu watoke nje watangaze kwamba wafanyakazi wameridhia! Hatusemi hawakuvutana. Juu ya kiasi walivutana kweli. Ila askari wale wapokee amri ya nani, hilo halikuamuliwa Hong Kong.

Fedha zilipaswa kupitishwa na Baraza la Kutunga Sheria. Katika Baraza hilo hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyepigiwa kura mpaka mwaka 1985, na hata hapo kura zilipigwa na makundi machache tu. Kwenye Baraza la Utendaji, lililomshauri Gavana, kamanda wa majeshi alikuwa na kiti kwa cheo chake. Mwenye kudai alikaa meza moja na mwenye kulipa.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tuna sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Machafuko ya 1967, yaliyoua watu 51, wengine kwa mabomu ya wapinzani wenyewe, yalianzia kwenye ugomvi wa kazi katika kiwanda cha maua ya plastiki huko San Po Kong. Mwezi Agosti askari na polisi walishushwa kwa helikopta juu ya mapaa ya majengo ya North Point, na ofisi za vyama zilipekuliwa. Hata kabla ya mkataba wa 1975, koloni lilikuwa likichangia gharama za jeshi hilo.

Tena wengi wa askari hao walikuwa Magurkha kutoka Nepal, ambao mshahara wao wa msingi ulifungamanishwa na viwango vya jeshi la India, si vya Mwingereza aliyesimama nao lindo moja.

Mkataba wa 1988 ulikwisha pamoja na utawala wa Uingereza, tarehe 30 Juni 1997. Sheria ya Msingi ya Hong Kong, kifungu cha 14, inasema gharama za kikosi cha China kilichoko huko zinalipwa na Serikali Kuu ya Beijing.