Batri ya Motorola: Tuchague Gani?

Udongo ukibomoka shimoni, tuseme kule Nzibira kwetu Walungu, motorola yenye batri iliyokufa haimwiti mtu. Basi tusitazame bei tu. Batri ya kuchaji ya nikeli-kadimiamu ni ngumu, lakini ukiichaji kila mara kabla haijaisha inaweza kupunguka nguvu. Tena kadimiamu ni sumu: watoto wasiichezee, wala isitupwe mtoni! Ya lithiamu ni nyepesi, unaichaji saa yoyote, ila inaogopa joto, usiiache juani. Kila moja na chaja yake. Volti zilingane na redio. Kisha soma mAh: 2000 inadumu kuliko 1200. Na kusema kunakula batri kuliko kusikiliza. Vijana wa kupiga soga hewani, mnasikia?