Shahada ya Mwalimu wa Chekechea Husomwa Likizoni

Aprili, Agosti na Desemba watoto wa chekechea hupumzika, na walimu wao huenda kuketi kwenye madawati. Mtindo huu una umri mkubwa kuliko vyuo vingi vinavyoutumia leo. Mwaka 1984 serikali ya Kenya iliunda NACECE, kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, ndani ya iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya. Mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, DICECE. Mwalimu aliyekuwa tayari kazini alisoma miaka miwili: likizo akiwa chuoni, muhula ukianza anarudi kwa watoto wake na wakufunzi wanamfuata huko kumkagua. Wengi walilipwa na wazazi, tena kidogo. Kuacha kazi ili kusoma kungewanyima hata hicho.

Vyuo vikuu, Kenyatta kikiwemo, baadaye vilitoa shahada kwa utaratibu huohuo. Kwa mwalimu wa Masii, Kangundo au Matuu, katika Kaunti ya Machakos, safari imefupika: Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023 na chenye makao yake Konza, hufundisha mtandaoni, ingawa anayetaka elimu ya chekechea achunguze kwanza kama kozi hiyo ipo.

Kikwazo kikubwa ni kalenda. Mwaka 2021, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya Covid-19, Wizara ya Elimu ilibana mihula, na likizo ya Oktoba ikawa ya takriban wiki moja. Masomo yanayotegemea likizo yalikosa pa kukaa.

Hata hivyo, mwanafunzi huyu ana kitu ambacho kijana aliyetoka kidato cha nne hana: watoto halisi. Chukua nadharia ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, kuhusu pengo kati ya yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa. Mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, hulishika pengo hilo kwa vifuniko vya soda. Mtoto anahesabu vizuri hadi tano, kisha anaruka, anagusa kifuniko kimoja mara mbili. Mwalimu hamtajii jibu. Anamwambia asogeze kila kifuniko alichokwisha kuhesabu upande wa pili. Sasa anafika nane. Usiku, mwalimu huyohuyo anaandika tukio hilo kwa Kiingereza cha kitaaluma, ilhali somo lenyewe, huko Machakos, lilikwenda kwa Kikamba, kwa kuwa sera inataka mtoto mdogo aanze na lugha ya eneo lake.

Je, shahada itaongeza mshahara?

Si lazima. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humsajili mwalimu, lakini anayemwajiri katika kituo cha umma ni kaunti. Kupanda daraja kunategemea muundo wa utumishi wa kaunti hiyo na fungu la bajeti, si cheti peke yake. Kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza, mwalimu aiulize bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, kwa maandishi, kama kuna daraja la wenye shahada. Akiulize chuo ratiba ya likizo zote za mwaka na ni masomo yapi ya stashahada yake, ikiwa anayo, yatakayotambuliwa.