Mlango kati ya gereji na nyumba: Kwa nini haupaswi kubadilishwa kiholela?

Mlango unaotenganisha gereji na nyumba hupita miaka mingi bila kutazamwa. Hukumbukwa unapoanza kukwama, mbao zinapooza kwa unyevu au kitasa kinapogoma. Hapo mwenye nyumba hushawishika kununua mlango wowote wa ndani ulio wa bei nafuu, kwa hoja kwamba hauonekani kutoka barabarani.

Katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, uamuzi huo una uzito wa pekee. Mlango huo una kazi mbili zinazovutana: kuzuia moto na gesi visiingie ndani, na kufunguka upesi pale ardhi inapotetemeka.

Hatari iliyoko gereji

Gereji ya nyumbani mara nyingi huhifadhi zaidi ya gari. Humo huwekwa pikipiki, jenereta, kidumu cha petroli, makopo ya rangi na gunia la makaa. Mvua inaponyesha, jiko la mkaa, ambalo kwa Kinyarwanda huitwa imbabura, nalo huweza kuhamishiwa humo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi upate cheche au moto, hata kama moto huo uko chumba cha pili. Kwa upande mwingine, injini, jenereta na makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asizihisi kabisa.

Mlango wa aina gani unafaa?

Mlango mwepesi wa plaiwudi ulio wazi katikati huungua haraka. Kanuni ya ujenzi wa makazi inayofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani hutaka mlango wa mbao nzima au wa chuma wenye unene usiopungua milimita 35, au ule uliothibitishwa kustahimili moto kwa dakika 20. Kanuni hiyo pia hairuhusu mlango wa gereji kufungukia moja kwa moja chumba cha kulala. England huenda mbali zaidi: mlango ustahimili moto kwa dakika 30, na sakafu ya gereji iwe na mteremko wa kuelekea nje, la sivyo mlango uinuliwe angalau milimita 100 juu ya sakafu hiyo, ili mafuta yaliyomwagika yasipite.

Vipimo hivyo havihitaji bidhaa za kutoka nje. Fundi seremala anaweza kutengeneza mlango wa mbao nzima, mradi mbao ziwe zimekauka vyema. Mbao mbichi hupinda baada ya kufungwa na kuacha mianya, hasa mikaratusi, ambayo hujikunja na kupasuka inapokauka. Mlango wa bati moja jembamba lililochomelewa humzuia mwizi, lakini hupitisha joto upesi.

Funzo la Februari 2008

Rusizi iko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Bukavu na Cyangugu. Zaidi ya watu 30 walifariki upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani.

Ukuta unapotikiswa, fremu ya mlango huweza kupinda kidogo tu na mlango ukakwama. Kwa sababu hiyo, pengo la takriban milimita 3 linapaswa kuachwa kati ya mlango na fremu, kisha lizibwe kwa mpira laini unaobonyea. Juu ya mlango pawe na boriti ya zege yenye nondo, iliyoegemea ukuta imara pande zote mbili.

Kitasa nacho ni suala la uhai. Kufunga mlango kwa ufunguo pande zote mbili humzuia mwizi, lakini huweza kuifungia familia ndani gizani. Inafaa kitasa kinachohitaji ufunguo kwa upande wa gereji, na kinachofunguka kwa mkono tu kwa upande wa ndani.

Hatua za kuubadilisha

Kwanza, fremu ipimwe upana juu, katikati na chini, kisha kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vya kona vikitofautiana, fremu imepinda, na mlango mpya hautakaa sawa hadi fremu irekebishwe.

Pili, mlango mzito ufungwe kwa bawaba tatu, na skrubu zake zishike mbao ngumu ya fremu, si plasta. Tatu, fremu ifungwe ukutani kwa vyuma, na nafasi kati yake na ukuta zijazwe saruji. Nne, iwekwe springi ya kuurudisha mlango wenyewe, kwa kuwa mlango imara ulioachwa wazi haukingi chochote.

Kosa lililofichika juu ya dari

Kuna nyumba ambazo ukuta kati ya gereji na vyumba huishia kwenye dari, na juu yake kunabaki uwazi hadi kwenye mabati. Moshi na gesi hupita hapo bila kuugusa mlango. Katika nyumba ya namna hiyo, kazi huanza kwa kupandisha ukuta hadi kwenye paa, ndipo mlango ufuate.

Njia rahisi ya kukagua ni kusubiri usiku, kuzima taa zote ndani na kuacha ya gereji ikiwaka. Popote mwanga unapopenya, iwe pembeni mwa mlango au kwenye dari, gesi nayo inaweza kupita.

Hata hivyo, hakuna mlango unaohalalisha kuwasha jenereta au jiko la mkaa ndani ya gereji. Jenereta inapaswa kuwekwa nje, mbali na madirisha, hata usiku wa mvua.