Somo la Kiingereza: Neno "Charge" na Mizigo Yake

Chukueni kalamu na daftari, na aliye jikoni naye asogee karibu na redio, maana neno la leo ni fupi kuliandika lakini kulieleza ni kazi. Neno lenyewe ni "charge". Andikeni: c, h, a, r, g, e. Hutamkwa "chaaj". Waingereza wengi hawaitamki ile "r", na "e" ya mwisho haitamkwi kabisa.

Wengi wenu mnalijua tayari, kwa kuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili. Simu ikizimika twatafuta mahali pa kuichaji. Mwenye kibanda cha kuchaji naye hudai malipo, na malipo hayo kwa Kiingereza pia huitwa "charge". Aweza kusema hivi: "I charge twenty shillings to charge a phone." Sikilizeni tena: "I charge twenty shillings to charge a phone." La kwanza ni kutoza, la pili ni kutia umeme. Na akikufanyia bure, atasema "free of charge".

Je, fedha na umeme vimekutanaje katika neno moja? Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno "carrus", maana yake gari la kukokotwa. Kutokana na hilo likatokea neno la kupakia gari, nalo likapita kwa Wafaransa, ambao walisema "charger", yaani kupakia, kisha likafika Uingereza. Neno "car" na neno "cargo" ni ndugu zake. Basi shikeni jambo hili moja: ndani ya "charge" mna mzigo. Betri hupakiwa umeme, bunduki ya zamani ilipakiwa baruti, na mnunuzi hubebeshwa bei.

Iko maana moja ambayo mzigo wake hauonekani upesi, nayo ni kushambulia kwa mbio. Nyati akikujia, hiyo ni "charge". Vivyo hivyo wapanda farasi wa Kiingereza walipowakimbilia Warusi huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854. Tuiache hiyo, wengi wetu hatutaihitaji.

Sasa sikilizeni sentensi mbili. "He was charged with guarding the store." Ya pili: "He was charged with breaking into the store." Wa kwanza amekabidhiwa kazi ya kulinda ghala. Wa pili ameshtakiwa kwamba amelivunja. "Charged with" ni ile ile. Tofauti yote i katika maneno yanayofuata. Na angalieni, kushtakiwa si kupatikana na hatia. Mtu aliye "charged" amebebeshwa shtaka tu, na mahakama bado haijasema neno. Wengine huandika "He was charged for theft". Hilo si sawa, kwa kuwa "charged for" ni kutozwa bei, na wizi hauuzwi dukani.

Tena kuna "in charge". "The nurse is in charge of the child": mwuguzi ndiye mwangalizi. Lakini "The child is in the charge of the nurse": hapo mtoto ndiye anayeangaliwa. Kijineno "the" kimegeuza kila kitu. Hata mimi ningependa Waingereza wangechagua njia nyepesi zaidi.

Nimeiweka nyuma maana iliyo nzito kuliko zote, hasa kwa wasikilizaji wetu wa Kenya. Tuseme mzee ana ekari tatu, na mwanawe ataka mkopo wa kununua lori. Mzee aletewa karatasi, naye auliza, "Hii ni nini?" Ajibiwa, "Ni charge tu, baba." Yeye "charge" aijua ya kibandani, kwa hiyo adhani ni ada ya benki. Atia sahihi.

Kumbe karatasi ile imeliweka shamba rehani. Katika sheria ya Kenya, rehani ya ardhi huitwa "charge". Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilitumia neno hilo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeliendeleza. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 husema "mortgage", na neno hilo halifanani na ada yoyote.

Utazitambuaje? "Bank charges", yenye "s" mwishoni, kwa kawaida ni ada. "A charge over the land" au "a charge on the land" ni rehani. Ukiona "over" au "on" kisha ardhi, weka kalamu chini kwanza, uulize. Katika karatasi hiyo "chargor" ni mwenye shamba, na "chargee" ni mkopeshaji. Wengi hugeuza, kwa sababu wamezoea kwamba "employee" ndiye mdogo.

Shamba halijahama, mzee bado ndiye mwenyewe, ila deni limepakiwa juu yake. Mwana asipolipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kutoa ilani, nayo lazima itoe muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa malimbikizo. Muda huo ukipita bila malipo, akitaka kuuza hutoa ilani nyingine, ya siku 40 angalau. Na ikiwa ardhi hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, rehani haisimami bila sahihi au ridhaa ya mke au mume anayekaa humo. Bibi mliopo, liandikeni hilo.

Deni likiisha, tafuteni neno "discharge", yaani kupakua. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, hospitali hum-"discharge". Shamba nalo hufanyiwa hivyo: hati ya "discharge" husajiliwa katika ofisi ya ardhi. Risiti ya malipo ya mwisho haitoshi, kwani bila kusajili hati hiyo daftari la serikali litaendelea kuonyesha mzigo uliokwisha kutuliwa.

Kwa somo lijalo, tafsirini sentensi hizi tatu katika madaftari yenu. Ya kwanza: "Who is in charge here?" Ya pili: "They did not charge me for the water." Ya tatu, isomeni polepole: "The bank charges are small, but the bank has a charge over my father's land." Kwaherini.