Fao la kukosa ajira huanzia kwenye barua

Mtu akipunguzwa kazini, wazo la kwanza ni kukimbilia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kudai fao la kukosa ajira. Ningemshauri aanzie ofisi ya utumishi ya mwajiri wake, kabla hajasaini chochote. Madai mengi yanayosota kwenye mfuko huwa yaliharibika siku ileile mfanyakazi alipokabidhi kitambulisho cha kazi.

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, fao hili lilikuja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaliyofunga njia ya fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako yote ajira ikikoma, ambalo watu walikuwa wamelizoea. Masharti yake si mengi: uwe umechangia walau miezi 18, uwe chini ya miaka 55, uwe hujapata kazi nyingine, na uwe umeachishwa, hukuacha mwenyewe. Ukiyatimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyekuwa akipokea shilingi 600,000 atapata karibu 200,000 kwa mwezi. Hizo ni za kodi na unga, mtaji haupo, na siwalaumu wanaonung'unika kwamba jasho lao la miaka linabaki kwenye mfuko. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupewa nusu ya michango yake kwa mkupuo.

Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Kuna waajiri ambao, badala ya kufuata taratibu za kupunguza wafanyakazi, huwaita mmoja mmoja na kuwasogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Naacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe..." Juu yake kuna bahasha ya mshahara wa mwezi mmoja, na mtu mwenye ada ya watoto kichwani haoni maneno, anaona bahasha. Akisaini, amejiuzulu, na aliyejiuzulu hana fao hili. Barua inayotakiwa ni ile ambayo mwajiri anamwandikia mfanyakazi, yenye muhuri, tarehe ya mwisho wa ajira na sababu iliyotajwa bila mafumbo. Dai pia cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki hiyo.

Kisha omba taarifa ya michango yako na uisome mwezi kwa mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako ilikatwa kabla hujashika pesa. Lakini kukatwa ni jambo moja, kuwasilishwa ni jingine. Utakuta Januari na Februari zipo, Machi hadi Juni hazipo, Julai imerudi. Mapengo hayo yanaweza kukushusha chini ya miezi 18, ama kuliweka dai lako kando hadi mwajiri afuatiliwe. Dawa yake ni hati za mshahara za miezi hiyohiyo: zinaonyesha ulikatwa, na mfuko unao wakaguzi na uwezo wa kumshtaki mwajiri mdaiwa. Nenda nazo mapema, kampuni ikiwa bado na ofisi na mhasibu.

Jina nalo husumbua kuliko linavyostahili. Kitambulisho cha NIDA kinasema Hamisi, kadi ya mfuko Hamis, akaunti ya benki imeongeza jina la babu. Herufi moja inatosha kukurudisha nyumbani, kwa hiyo rekebisha kabla ya kujaza fomu. Ukipewa risiti ya kupokelewa dai, itunze. Ukienda kuulizia bila namba, unaanza upya.

Usichanganye fao hili na kiinua mgongo. Hicho hulipwa na mwajiri: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa miaka isiyozidi 10, pamoja na likizo ambayo hukuchukua na malipo ya notisi kama hukupewa. Na ukiona uliachishwa kwa uonevu, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinakwenda hata dai lako likiwa bado mezani NSSF. Anayesubiri kwanza pesa ziingie hujikuta akiiomba Tume imwongezee muda, na kabla ya kusikilizwa kuhusu kuachishwa kwake, atatakiwa aeleze kwa nini alichelewa.